Mikoba 40 ya Ngozi ya Mbuzi: Kisa cha Oda Iliyorudi Kariokor

Oda ilikuwa ya mikoba 40 ya begani, ya kubebea kipakatalishi na makaratasi, rangi ya kahawia iliyokolea. Aliyeagiza ni ofisi moja ya Upper Hill iliyotaka kuwafungia wafanyakazi wake mwaka kwa zawadi ya maana. Aliyeshona ni karakana ndogo jirani ya soko la Kariokor, Nairobi: mama mwenye biashara na mafundi wanne. Mikoba ilifika Disemba, ikapigwa picha, ikasifiwa. Kufikia Pasaka, 11 kati yake ilikuwa imerudi pamoja na barua kali. Mikanda imerefuka. Mishono imechanika kwenye pete. Uso wa mbele umelegea. Nembo ya ofisi iliyogongwa kwenye kifuniko haionekani tena.

Barua ilikuja na hukumu tayari: karakana imetumia ngozi ya mbuzi badala ya "ngozi yenyewe". Ajabu ni kwamba ndani ya karakana hukumu ilikuwa hiyohiyo. Fundi mkuu, mzee aliyekulia kwenye ngozi ya ng'ombe, alikuwa akimwambia kila anayepita, "Nilisema mimi. Mbuzi ni wa bitana na pochi. Mkoba ni wa ng'ombe."

Mama mwenye karakana aliniita niitazame mikoba ile kabla hajajibu barua. Amenikubalia niandike kwa masharti mawili: nisitaje jina la karakana wala la ofisi, na bei nisiziguse. Nimeyakubali. Bei za ngozi Nairobi hata hivyo hubadilika kwa msimu, na kisa hiki kinaeleweka bila hizo.

Msimamo wangu ni kwamba mteja na fundi mkuu wote wawili wamemshtaki asiyehusika. Ngozi ile ilikuwa nzuri. Ilipewa kazi iliyochorwa kwa ajili ya mnyama mwingine, ikakatwa kwa hesabu ya mnyama huyo, na ikashonwa kwa sindano yake.

Kiolezo

Karakana hii imekuwa ikishona mkoba wa ng'ombe wa mtindo huu kwa miaka. Mgongo na kifuniko ni kipande kimoja cha sentimita 36 kwa 55. Uso wa mbele ni 36 kwa 27. Ubavu unaozunguka pande mbili na chini ni ukanda wa 9 kwa 90. Mfuko wa nje ni 30 kwa 20. Mkanda wa begani ni sentimita 120 kwa 3.5, tabaka mbili. Kiolezo ni cha kadibodi ngumu, kingo zimeanza kulika kwa kutumiwa.

Mteja alipokuja kuagiza, aliuinua mkoba wa ng'ombe akaona ni mzito. Wafanyakazi wake wengi hupanda matatu, wengine wanatoka Rongai na Kitengela, na mtu aliyesimama njia nzima hataki begi ambalo likiwa tupu tayari linamvuta bega. Palikuwa na jalada la pasipoti mezani, la ngozi ya mbuzi. Akalishika, akapenda vile vinundu vidogo vya usoni na wepesi wake, akauliza, "Mnaweza kunishonea mkoba kwa hii?" Mama akasema inawezekana. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba baada ya jibu hilo hakuna aliyerudi kwenye kadibodi.

Ng'ombe wa karakana hii huwa na unene wa milimita 2 hadi 2.5. Mbuzi walionunuliwa walikuwa na milimita 0.8, pengine 0.9 karibu na shingo. Kwa kipande cha ng'ombe cha milimita 2, ukingo unaachwa wazi, unasuguliwa, unapakwa rangi, na mkoba unasimama wenyewe juu ya meza. Kwa mbuzi wa milimita 0.8, hakuna cha kusimamisha. Rangi ya ukingo hupasuka mapema kwa sababu ukingo wenyewe ni mwembamba na unajikunja kila mara. Mikoba yote 11 ilikuwa na nyufa hizo, ingawa barua haikuzitaja. Nadhani mteja hakujua kwamba hizo nazo ni kasoro.

Ngozi hii ni ngozi gani

Mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi ya Nairobi, wengi hushuka kutoka kaskazini, na maisha yao yameandikwa ngozini: mikwaruzo ya miiba ya migunga, alama za kupe, makovu ya upele. Kisha kuna kisu. Mchunaji mwenye haraka huacha mikato upande wa nyama, na mkato ambao haujatoboa huonekana siku ngozi inapovutwa. Ndiyo maana mchunaji hodari, baada ya kuanza kwa kisu, humalizia kwa ngumi, akiisukuma ngozi itengane na nyama bila chuma kuigusa.

Ikishasindikwa, ngozi ya mbuzi ina sifa moja ambayo mafundi wengi wa ng'ombe hawaijui, kwa kuwa wanaupima uimara kwa unene. Nyuzi zake zimesukana kwa karibu, na tabaka la uso limeshikamana barabara na tabaka la chini. Kondoo hana hilo. Ngozi ya kondoo ina mafuta mengi kati ya tabaka hizo mbili, na mafuta yakitolewa wakati wa kusindika panabaki uwazi. Ndiyo sababu koti la kondoo huweza kubambuka uso.

Ng'ombe naye ana siri yake. Ngozi yake inapotoka kwa mnyama huwa nene mno kwa kazi nyingi, kwa hiyo hupasuliwa kwa mashine kupata unene unaotakiwa. Ukiipasua hadi milimita 0.8, unabaki na uso na kipande kidogo tu cha tabaka la nyuzi nene linalobeba nguvu. Mbuzi wa milimita 0.8 ana tabaka zake karibu zote. Wakiwa na unene sawa, mbuzi huyo ndiye mgumu zaidi kuchana. Nilimpa mzee vipande viwili vya unene huo, kimoja cha ng'ombe aliyepasuliwa na kimoja cha mbuzi, nikamwambia achane kwa mikono kuanzia kwenye mkato mdogo. Cha ng'ombe kilichanika. Cha mbuzi kilimsumbua. Hakusema kitu, ila alivirudia tena na tena.

Kijana mmoja wa karakana alileta hoja ya ngoma: mbona ngoma huwambwa ngozi ya mbuzi na inapigwa usiku kucha bila kupasuka? Hoja tamu, lakini haisaidii hapa. Ngozi ya ngoma haijasindikwa; ni ngozi mbichi iliyonyolewa na kukaushwa ikiwa imevutwa, nayo hukauka ikawa ngumu. Ngozi ya mkoba imefanywa laini makusudi.

Mfano unaofaa uko mbali zaidi. Ngozi za mbuzi zilizosindikwa katika nchi ya Wahausa, Kano na Sokoto, zilivuka Sahara kwa misafara hadi Afrika Kaskazini, na Ulaya wakaziita ngozi za Moroko kwa sababu huko ndiko walikozinunulia. Kwa karne nyingi zilipendwa kwa kujalidia vitabu. Hapo uso wa mbuzi unagandishwa juu ya ubao wa jalada, kingo zinapunguzwa unene kwa kisu, zinakunjiwa ndani. Ngozi inabeba msuguano wa mikono. Ubao unabeba umbo. Mgawanyo huo wa kazi haukuwepo katika mikoba ya Upper Hill. Mbuzi alifanywa uso, ubao na kamba kwa pamoja.

Hesabu ya futi

Hapa ndipo kisa kilipoharibikia, na kiliharibika kabla ya mkasi kushikwa.

Ngozi huuzwa kwa futi mraba. Mama alifanya hesabu aliyoizoea. Vipande vyote vya mkoba mmoja, ukijumlisha na tabaka mbili za mkanda, ni kama sentimita mraba 5,200. Futi mraba moja ni sentimita mraba 929. Kwa hiyo mkoba mmoja ni futi 5.6. Akaongeza asilimia 15 ya mabaki, ikawa karibu futi 6.4. Mara 40 ni futi 258. Akanunua futi 260. Zilikuja ngozi 52, wastani wa futi 5 kila moja.

Kwa ng'ombe, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Upande mmoja wa ng'ombe wa kienyeji unaweza kufika futi 15 au zaidi, na kiolezo cha sentimita 55 kinatafutiwa nafasi kwa urahisi, vipande vidogo vikijaza pembeni. Ngozi ya mbuzi ya futi 5 ni kipande cha kama sentimita 75 kwa urefu wa uti wa mgongo na 62 kwa upana, chenye shingo upande mmoja na mikia ya miguu pande nne. Ndani yake sehemu imara ni ukanda ulio kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Ukielekea tumboni nyuzi zinalegea, na chini ya makwapa ngozi inavutika kama unavyotaka na hairudi.

Pima sasa. Kipande cha mgongo na kifuniko, 36 kwa 55, kinakaa vizuri juu ya uti, sentimita 18 kila upande. Kikishakaa, pembeni kunabaki sentimita 13 za ubavu kulia na 13 kushoto, pamoja na nafasi ya kama sentimita 20 shingoni au matakoni. Uso wa mbele haupati mahali tena katika ngozi hiyo. Kwa hiyo mikoba 40 inakula ngozi 40 kwa migongo tu. Nyuso za mbele unaweza kupata mbili katika ngozi moja, kwa sababu 27 mara mbili ni 54, yaani nafasi ileile ya juu ya uti. Nyuso 40 zinataka ngozi 20 nyingine. Mbavu za mkoba zikigawanywa vipande vitatu vya sentimita 30 zinatoka kwenye ncha za zile 40, na mifuko kwenye ncha za zile 20. Jumla ni ngozi 60 zisizo na dosari, na mkanda haujapatikana bado. Mbuzi wa sentimita 75 hawezi kutoa mkanda wa sentimita 120, umgeuze utakavyo.

Ngozi 60 safi, na 10 za akiba kwa ajili ya mikato na makovu. Mama alikuwa na 52, makovu yakiwemo.

Mafundi walifanya nini? Walichofanya kinaeleweka, na kwa macho ni ufundi wa hali ya juu. Migongo mingi waliisukuma upande mmoja wa uti, ili ubavu wa pili ubaki na sentimita 26 au 27, kisha wakaugeuza uso wa mbele na kuubana humo, ukingo wake mmoja ukiwa umefika tumboni kabisa. Mezani kipande kinaonekana sawa na vingine. Rangi ni ileile, vinundu ni vilevile. Lakini nilipofungua bitana za mikoba iliyolegea na kupapasa upande wa nyama, nilikuta nyuzi ndefu zilizoachana, laini kama sponji, kwenye kila uso wa mbele uliokuwa umening'inia. Migongo ya mikoba hiyohiyo ilikuwa imara upande mmoja na imelegea upande wa pili, na vifuniko vilikuwa vimepinda kidogo kwa sababu hiyo. Mteja alifikiri wafanyakazi wake wanabebea upande mmoja.

Kwa maoni yangu karakana ndogo ingeacha kabisa kuhesabu mbuzi kwa futi. Muuzaji auze kwa futi, hiyo ni biashara yake. Mnunuzi ahesabu kwa vichwa. Swali la kwanza liwe: kipande kikubwa zaidi cha kazi hii kinaingia mara ngapi juu ya uti wa mgongo wa mbuzi mmoja? Kikiingia mara moja, idadi ya mikoba imekwisha kukwambia idadi ya ngozi.

Au ubadilishe kiolezo. Mkoba uleule ungeweza kushonwa kifuniko kikiwa kipande chake na mgongo kipande chake, mshono ukiwa nyuma juu. Mbuzi hupenda vipande vidogo. Mshono mmoja wa ziada ungeokoa ngozi nyingi, na ungekuwa mapambo.

Mkanda

Mikanda ilikatwa kwenye mabaki. Mabaki ya mbuzi ni tumbo na miguu. Vipande vitatu viliungwa kufikisha sentimita 120, tabaka mbili zikagandishwa kwa gundi ya viatu na kushonwa kingo. Katikati hakukuwa na kitu.

Weka humo kipakatalishi, chaja, daftari, chupa ya maji, mwavuli wa Aprili. Kilo 4 zinafika bila kujaribu. Mkanda wa tumbo la mbuzi unarefuka siku za kwanza, unapungua upana, kisha unajikunja kingo na kuwa kamba inayokata bega. Ile iliyorudi ilikuwa imerefuka sentimita 5 hadi 8.

Tulifanya jaribio ambalo karakana yoyote inaweza kulifanya. Unakata mishipi ya upana sawa kutoka sehemu tofauti za ngozi moja: mmoja sambamba na uti wa mgongo, mmoja kukata uti, mmoja wa tumboni. Unachora alama mbili kwa kalamu, unaning'iniza mtungi wa maji wa lita 5, unaacha mpaka kesho yake, unapima ukiwa umebeba na unapima tena ukishatua. Wa uti ulirefuka kidogo ukarudi karibu wote. Wa kukata uti ulirefuka zaidi. Wa tumboni ulirefuka na kubaki hivyo. Mshipi wa nne, tumbo lilelile lakini limegandishwa juu ya mkanda wa nailoni wa begi la shule, haukusogea.

Hapo ndipo mimi na mzee tuliposhindana. Mimi nilitaka nailoni ya milimita 25 ndani, mbuzi azungushwe nje, viungo vikatwe mshazari na kupunguzwa unene ili visijitokeze, tena visikutane mahali pamoja juu na chini. Yeye alitaka mkanda wa ng'ombe wa milimita 3 uliopakwa rangi ya mbuzi. "Nailoni ni ya begi la shule," alisema, na kwa kiasi fulani nilimwelewa. Mtu aliyelipia ngozi hataki kusikia kuna plastiki ndani. Lakini ng'ombe na mbuzi hawapokei rangi sawa, na baada ya miezi sita ya jua tofauti hiyo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Pia uzito ambao mteja alikuwa anaukimbia unarudi kwa mlango wa nyuma. Mama alichagua nailoni, akaamua amwambie mteja waziwazi. Mteja hakujali hata kidogo.

Sindano

Mishono iliyochanika yote ilikuwa mahali pawili: kwenye ulimi mdogo unaoshika pete ya mkanda, na kwenye kona za chini. Uzi ulikuwa mzima. Ngozi ndiyo iliyokatika, kwa mstari, tundu hadi tundu.

Cherehani ilikuwa bado na sindano namba 18 ya kazi ya ng'ombe, na hatua ya mshono ilikuwa milimita 2, kwa kuwa mshono mdogo unapendeza. Tundu la sindano ngozini halizibiki tena. Ukitoboa matundu mapana na kuyakaribisha hivyo kwenye ngozi ya milimita 0.8, umeichonga kama karatasi ya stempu: umeionyesha mahali pa kuchanikia. Kwa mbuzi huyu ningeweka namba 14 yenye ncha ya ngozi, uzi mwembamba zaidi, na hatua ya milimita 3 au zaidi kidogo.

Ila sindano pekee isingeokoa ulimi wa pete. Ule ulimi ni sentimita 4 kwa 8, na uzito wote wa mkoba unapita hapo. Ndani yake panahitajika kiraka cha ng'ombe, hata cha mabaki, kinachoenda sentimita kadhaa zaidi ya ulimi wenyewe, ili mzigo usambae kwenye mgongo wa mkoba. Ribiti, yaani msumari mfupi wa kugongwa pande zote mbili, bila kiraka ni mbaya kuliko mshono. Baadhi ya mikoba ilikuwa imeongezwa ribiti kwa nia njema, na hiyo ndiyo iliyochanika mapema.

Nembo, na neno la muuzaji

Nembo iligongwa kwa chapa ya chuma bila moto, baada ya kulowesha ngozi kidogo, jinsi mzee anavyofanya kwenye mikanda ya kiunoni. Mikanda ile ni ya ngozi iliyosindikwa kwa maji ya magome, yale ya miwati inayostawi nyanda za juu. Ngozi ya magome ikiloweshwa na kugandamizwa hushika umbo. Ngozi ya kromiamu, iliyosindikwa kwa chumvi za madini hayo badala ya magome, hurudi ilivyokuwa.

Muuzaji wa ngozi za mikoba hii alisema ni za magome. Kuthibitisha ni rahisi. Kata ukingo kwa wembe utazame katikati: ya magome ni kahawia hadi ndani, ya kromiamu kwa kawaida ina msingi wa kijivu chenye samawati chini ya rangi. Tuliikata, samawati ikatutazama. Choma uzi mdogo wa ngozi na jivu litakuambia vivyo hivyo. La kromiamu huelekea ukijani. Sidhani muuzaji alidanganya kwa makusudi. Ngozi ikiwa kahawia, mtu wa duka huiita ya magome. Lakini mama amepata desturi mpya ya kwenda na wembe.

Kwa kromiamu nembo igongwe kwa chapa ya moto, na ikiwezekana kwa karatasi ya rangi ya dhahabu au fedha. Ukingo ukunjwe badala ya kuachwa wazi: milimita 8 za ziada kila upande, zikipunguzwa unene hadi karibu nusu, gundi, kunja, gonga kwa nyundo laini, shona. Kwenye kona ngozi ikusanywe kwa vikunjo vidogo. Kazi hii ni ya polepole na mzee haipendi. Vijana wameishika haraka.

Iliyobaki salama

Kuna ushahidi ambao ofisi haikuuleta, kwa kuwa haukuwa na kasoro. Kila mkoba ulitoka na pochi ndogo ya kadi, iliyoshonwa kwa vipande vya ngozi ileile. Mama alimpigia simu mtu wa manunuzi akamuuliza habari za pochi. "Pochi ziko sawa, yangu ninayo hapa," akajibu. Pochi hizo zilikuwa zimekaliwa kwenye viti vya matatu tangu Disemba, zimepinda, zimeng'aa kwenye kona, na hakuna iliyochanika. Pochi haina mkanda, haina pete, haibebi kilo 4, na vipande vyake vina kadi ndani za kuvipa umbo. Kwa hoja ya mteja kwamba ngozi ilikuwa mbovu, pochi yake mwenyewe mfukoni ilikuwa shahidi wa upande wa pili. Nilimshauri mama asiiseme hivyo kwenye barua. Akaisema, kwa upole kuliko ambavyo mimi ningeweza, na ofisi ikalainika.

Mapatano yalikuwa haya. Karakana ilibadilisha mikanda ya mikoba yote 40, hata ile ambayo haikuwa imelalamikiwa, na kuweka kiraka cha ng'ombe nyuma ya kila pete. Nyuso zilizolegea zilifunguliwa bitana, zikagandishwa juu ya ubao mwembamba wa ngozi iliyosagwa, ule wanaoweka kwenye visigino, na kushonwa upya kwa kufuata matundu ya zamani ili yasiongezwe mengine. Miwili haikuweza kuokolewa kwa sababu kona zilikuwa zimekwisha, ikashonwa mipya. Nembo zikagongwa kwa moto. Kingo zilizopasuka rangi zilisuguliwa na kupakwa upya, na hizo zitapasuka tena. Mama alimwambia mteja hivyo, na kwamba arudishe zikipasuka.

Ofisi imeagiza tena, mikoba 25. Kiolezo kipya kimekatwa, kifuniko kikiwa mbali na mgongo. Kilichokwama ni ngozi. Mama sasa anataka kuchagua moja moja, azikunjue, azishike dhidi ya mwanga, azivute tumboni, aziache zenye makovu katikati ya uti. Muuzaji anasema mzigo huuzwa kama ulivyofungwa, na anayetaka kuchambua alipe nyongeza kwa kila futi. Mzee, ambaye miezi michache iliyopita hakutaka kumsikia mbuzi, ndiye anayesema nyongeza ilipwe. Mama bado anapiga hesabu ya kununua mzigo mzima na kugeuza zenye makovu kuwa majalada ya pasipoti, na swali lililobaki mezani ni kama Kariokor inaweza kununua majalada mengi kiasi hicho kabla ya Disemba.